Chuo kimetufuta! Eti timu ya wavu wanawake imeanza 2011. Sisi wa 1995 tulikuwa tunacheza rede?

Wakuu, salaam. Miaka yote humu mimi ni msomaji tu, leo nimekasirika mpaka nimefungua uzi. Mnivumilie, ni mrefu.

Nimesoma chuo kimoja hapa Dar kuanzia 1994 hadi 1998. Jina silitaji, waliopita pale watakijua nikifika kwenye mwembe. Nimecheza mpira wa wavu miaka yote minne, miwili ya mwisho nikiwa nahodha.

Juzi tumeitwa sherehe ya wahitimu wa zamani. Tukapewa kofia, kalamu na jarida la rangi, lile la karatasi nzito inayong'aa. Nikaruka hotuba zote, nikaenda moja kwa moja kwenye michezo. Soka la wanaume kurasa nne, mpaka mtunza jezi kawekwa picha. Kikapu ukurasa mzima. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kama tangazo la kupotelewa na cheti: timu ya mpira wa wavu wanawake ilianzishwa mwaka 2011.

2011! Mwaka huo mwanangu wa kwanza yuko darasa la tano na goti langu la kulia limeshaniaga.

Kusahauliwa ningevumilia, binadamu tunasahau. Kinachoniuma ni kwamba historia hii tuliiandika wenyewe, tukawakabidhi mkononi, wakaipoteza, kisha wakatunga nyingine.

Kulikuwa na daftari. Kaunta buku nene, jalada jeusi, mgongo mwekundu. Lilianzishwa na dada mmoja aliyetutangulia na ukurasa wa kwanza ulikuwa na tarehe ya 1989. Kila mechi imeandikwa: tarehe, uwanja, tumecheza na nani, matokeo seti kwa seti, nani kaingia nani katoka, nani kateguka kidole. Nahodha akimaliza chuo anampa anayefuata. Mimi nilikabidhiwa kwenye baraza ya bweni, tumekalia ndoo, kama mtu anayeachiwa usia.

Ndani ya daftari lile ndimo niliposoma kwamba wavu wetu wa kwanza ulikuwa wavu kweli kweli. Chuo kilisema hakina fungu, basi wale dada wakachangishana, wakaenda Feri, wakamshawishi mvuvi mmoja awauzie kipande cha jarife lililochakaa. Wakalikata, wakashonea utepe wa kanga juu ili mwamuzi auone, wakalifunga kati ya mwembe na nguzo ya chuma iliyokuwa nyuma ya bwalo. Aliyeandika anasema wiki nzima ya kwanza walicheza wakinuka papa. Mimi nilikuta wavu wa dukani, lakini mwembe ulikuwepo bado. Siku hizi pale ni maegesho ya magari.

Na msidhani tulikuwa tunaachiwa uwanja kwa raha. Wavu wa wanawake ni mita 2.24, wa wanaume ni 2.43. Wanaume walikuwa wakimaliza mazoezi wanaacha wavu juu na fundo wamelikaza kwa koleo, makusudi, sisi tuje tuhangaike nalo huku jua linazama. Tulikuwa na fimbo tumeichonga alama ya 2.24, inalala chini ya kitanda changu. Tukishusha wavu, wapo waliokuwa wanakaa kwenye ngazi za bwalo kuangalia bukta badala ya mpira. Mama yangu alipojua nacheza aliniuliza kama ada analipa nikasome au nikarukeruke. (Baadaye ndiye aliyekuwa ananifulia jezi likizo. Hayo tuyaache.)

Mwaka nilioondoka, nahodha aliyenifuata alikuwa fildi mkoani. Nikalipeleka daftari ofisi ya michezo, nikaandikiwa kwenye dispachi, nikasaini, nikaambiwa litakuwa salama zaidi pale kuliko bwenini. Kosa langu ndilo hilo, nakiri, sikutoa kopi. Steshenari zilikuwa zimejaa nje ya geti, nikaona nitapoteza hela bure wakati ofisi ipo.

Basi Jumatatu nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Nikamkuta kijana, mpole, kaniamkia vizuri, "shikamoo mama", kanipa kiti. Nikamwonyesha jarida. Akafungua kompyuta, akaangalia, akasema: "Mama, kwenye mfumo kumbukumbu za wavu wanawake zinaanzia 2011." Nikauliza kabla ya mfumo kulikuwa na nini. Akasema kulikuwa na makaratasi, ila ofisi ilipohama vitu vingi viliondolewa.

Viliondolewa kwenda wapi? Hajui. Yeye kaajiriwa juzi, simlaumu. Lakini mmeona ilivyokuwa? Mfumo ulifunguliwa 2011, basi na timu ikazaliwa 2011. Kwa hesabu hiyo hata mwembe ulipandwa 2011.

Nikatoa picha. Moja tu imebaki, ya 1997, tuko Uwanja wa Ndani wa Taifa baada ya mechi, tumesimama mbele ya ubao wa matokeo. Kijana akaitazama, akasema ni nzuri, ila haina tarehe, inaweza kuwa ya mwaka wowote. Hapo ndipo damu iliponichemka, maana anayesema hivyo yupo ofisi ya MICHEZO.

Nikamwambia mwanangu, soma ubao. Seti ya mwisho imeandikwa 15 kwa 11. Seti leo inaisha kwa ngapi? Akasema 25. Kisha akajitetea, na kwa haki: seti ya tano hata leo inaisha kwa 15. Nikamwambia angalia pembeni ya ubao, seti ni 3 kwa 0. Seti ya tano imetoka wapi hapo? Akanyamaza.

Kwa wasiojua wavu: zamani pointi ulikuwa unaipata pale tu mnapoanzisha nyinyi. Wakianzisha wapinzani na mkashinda ule mpira, mnachopata ni zamu ya kuanzisha, ubao unabaki vilevile. Ndiyo maana seti ilikuwa ya 15 na bado inaweza kula nusu saa, mnapokonyana zamu tu, pointi haisogei, watu ulimi nje. Ni seti ya tano peke yake ambayo tayari kila mpira ulikuwa unahesabiwa. Shirikisho la dunia lilibadilisha hesabu hiyo mwaka 1998, ndipo zikaja seti za 25.

Nikamwambia aangalie na jezi. Wote rangi moja. Libero, yule mlinzi wa nyuma anayevaa jezi ya rangi tofauti na wenzake, yuko wapi? Hayupo, kwa sababu libero ameingia rasmi kwenye sheria za kimataifa 1998 hiyohiyo. Angalia na mpira nilioukumbatia, mweupe mtupu, wakati hii ya rangi rangi ilianza mashindano makubwa 1998 pia. Vitu vitatu ndani ya picha moja vinataja mwaka kuliko muhuri wa ofisi. Akasema atalifikisha kwa wakubwa. Nikasubiri wakubwa kwenye korido mpaka saa tisa. Wako kikaoni.

Najua kuna mtu anajiandaa kuandika "mama, kuna matatizo makubwa nchi hii". Yapo. Na mwingine ataniambia kumbukumbu ni za vyuo vya wenye hela. Ni kweli Chuo Kikuu cha Nebraska kule Marekani tarehe 30 Agosti 2023 kiliweka mechi ya wavu wanawake kwenye uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani wakajaa watu 92,003. Hatufiki huko, wala sidai. Lakini timu ile ina rekodi zake tangu miaka ya 1970, na ubingwa wao wa 1995 unaujua mpaka mtu wa Mbagala mwenye bando. Mwaka huohuo 1995 sisi tulikuwa tunacheza hapa Dar, tukaandika, na hakuna anayejua. Kaunta buku bei yake haizidi chipsi kuku. Hapo hela inaingiaje?

Na wenzetu Kenya wasikieni. Malkia Strikers, timu yao ya taifa ya wavu wanawake, walifika Olimpiki ya Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo, Paris. Wachezaji wale wanajua walirithi kwa nani. Mabinti wanaocheza chuoni kwetu sasa hivi nimeongea nao siku ileile, watoto wazuri, wanaruka kuliko sisi. Wakaniambia wanajivunia kuwa timu changa. Mmoja akaniuliza: "Kumbe mama na wewe ulicheza? Wapi?" Nikaangalia yalipoegeshwa magari, nikakosa la kusema.

Ninachotaka ni hiki: jarida lisahihishwe, na aliyesaini dispachi ya 1998 au anayejua yale makaratasi yalikobebwa aseme, hata kama yaliishia kufungia karanga. Na nyie mliocheza kati ya 1989 na 2010, nawaombeni hapahapa. Picha, barua, jezi, chochote. Msinitumie pole.

Naandika orodha upya kwa kichwa. Kikosi cha 1997 nimewapata kumi na mmoja. Wa kumi na mbili ni yule dada mrefu wa Tanga, anapiga kwa mkono wa kushoto, alikuwa anakaa chumba cha mwisho ghorofa ya pili. Kwenye picha yuko kulia kabisa, kafumba macho. Jina lake lilikuwemo kwenye daftari.