Muswada unatugusa na umeshasomwa mara ya kwanza, maoni tunayapeleka wapi?

katibu_wapagazi (Moshi): Wakuu heshima kwenu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wapagazi na waongoza watalii huku Moshi, tunapandisha wageni Mlima Kilimanjaro njia ya Machame na Marangu. Kuna muswada umesomwa mara ya kwanza Dodoma na vifungu viwili vinagusa leseni zetu moja kwa moja, wanachama wananipigia simu kutwa nzima. Wengine wanasema tumsubiri mbunge achangie siku ya mjadala, wengine wanasema twende kamati, sasa mara nasikia kamati ya kudumu mara kamati ya bunge zima, naombeni mwongozo maana hapa ni ugali wa watu.

Mzee wa Sakina: Mkuu msisubiri mjadala. Ukishasomwa mara ya kwanza Spika anaupeleka kwenye kamati ya kudumu inayohusika na sekta hiyo, na hapo ndipo wadau wanasikilizwa. Hiyo ya bunge zima inakuja baadaye sana, baada ya kusomwa mara ya pili, wabunge wote wanageuka kamati wanapitia kifungu kwa kifungu, nyie hamna nafasi ya kuongea mle.

dada_wa_Soweto: Naongezea, kamati haifuti kifungu yenyewe. Inabanana na waziri na wanasheria wa serikali, wakielewana waziri analeta jedwali la marekebisho, yaani orodha ya vifungu vinavyobadilishwa, wasipoelewana mwenyekiti wa kamati anasema kwenye taarifa yake bungeni. Mbunge wenu naye anaweza kuleta jedwali lake kwa hiyo mpeni nakala mapema. Msidharau hatua hii kabisa, muswada wa bima ya afya kwa wote ulisomwa mara ya kwanza 2022 ukaja kupita Novemba 2023, katikati watu walikomaa na swali la hela zitatoka wapi.

Kijana Njiro: Angalia kama muswada wenu una hati ya dharura, yaani serikali imeomba upitishwe haraka, ukiwa nayo siku zinakuwa chache mno. Muswada wa fedha nao hivyo hivyo, bajeti inasomwa Juni na 1 Julai sheria inaanza.

katibu_wapagazi: Asanteni sana ndugu zangu, mmenipa nguvu. Kesho naitisha kikao. Barua tunamwandikia mwenyekiti wa kamati au?

Mzee wa Sakina: Katibu wa Bunge, Dodoma. Taja jina la muswada, namba ya kifungu, kinavyosomeka sasa, mnataka kisomekeje na kwa nini. Malalamiko ya jumla yanasikilizwa halafu yanabaki mezani, ila mkiwaandikia maneno mbadala mwanasheria ana kitu cha kushika. Na mpelekeni mpagazi mwenyewe akaongee, asiende wakili peke yake, wabunge wanamuuliza maswali ya kazi halisi na yeye ndiye mwenye majibu.