MJADALA: Soka la wanawake lipunguziwe uwanja na goli, au liachwe lilivyo?

Wakuu, juzi kijiweni tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa yangu anasema wanawake wafupishiwe uwanja, goli lishushwe na dakika zipunguzwe. Mimi napinga.

Hoja yake si ya kutupa. Mwaka 2019 watafiti wa Trondheim, Norwei, walilinganisha kimo, nguvu na pumzi za wanawake na wanaume, wakaona mwanamke anabeba mzigo mzito zaidi kwa vipimo vilevile: goli la mita 7.32 kwa 2.44, mpira saizi 5, dakika 90. Michezo mingine ilishatofautisha zamani. Wavu wa voliboli wa wanaume uko mita 2.43, wa wanawake 2.24. Mkuki wao gramu 600, wa wanaume 800.

Sasa sikieni yangu. Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, China 1991, mechi zilichezwa dakika 80. Lakini Marekani, waliolibeba, walicheza mechi 6 ndani ya siku 14! Wanapunguziwa dakika 10, wananyimwa mapumziko. Huruma gani hiyo?

Leo mchezaji wa kike wa kiwango cha juu, ukimtoa kipa, anakimbia karibu kilomita 10 kwa mechi, na mwanaume hamwachi mbali sana. Tofauti kubwa iko kwenye mbio za kasi, na hizo nazo ziliongezeka kati ya Kombe la Dunia la 2015 na la 2019. Kinachoua goti ni ile kuchomoka, kufunga breki, kugeuka. Arsenal ya wanawake msimu wa 2022/23 waliwakosa Mead, Miedema, Williamson na Wienroither, wote waliumia ligamenti ileile ya goti. Ukifupisha uwanja unapunguza hizo breki? Unaziongeza! Aliyewahi kucheza wanne kwa wanne kwenye kiwanja kidogo anajua nyonga zinavyolia kesho yake.

Kipa Mstaafu: Mtoa mada umeongelea magoti, umeruka goli. Mimi nimedaka miaka sita nikiwa na futi 5 na inchi 3. Mpira ukija chini ya mwamba, naruka mpaka mwisho wa uwezo wangu na bado unapita juu ya vidole. Halafu jukwaani wanacheka, "kipa wa kike huyo." Mbona hakuna anayesema wavu wa 2.24 ni dharau?

Kocha wa Mtaa: Dada, nakuelewa, ila njoo uwanjani kwetu. Tuna magoli mawili ya chuma yaliyochimbiwa na zege. Wavulana wanaingia saa tisa, wasichana saa kumi na moja wakishawapisha. Nani atachimbia mengine? Tukiweka vipimo tofauti, wasichana ndio watakaokosa uwanja. Na kabla hatujafika huko, winga wangu anavaa njumu za kaka yake. Kaweka pamba mbele na soksi jozi mbili. Akifunga breki, kiatu kinasimama, mguu unaendelea na safari humo ndani. Nimeona kwa macho yangu.

Mtoa mada: Kocha, umemaliza. Kwanza kiatu.

Mama Pacha: Na hedhi je? Kikosi cha Marekani kwenye Kombe la Dunia la 2019 kilikuwa kinafuatilia mzunguko wa kila mchezaji na kupanga chakula na usingizi kwa kuufuata. Huku kwetu kocha anaona haya hata kuuliza, na binti anaona haya kusema. Anakimbizwa tu kama wenzake.

Namba Nane: Tuje nyumbani. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, kwenye WAFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake) ya Morocco, Julai 2025. Tarehe 7 Mali wanatufunga 1-0. Tarehe 11 sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi. Tarehe 14 Ghana wanatupiga 4-1. Mechi 3 ndani ya siku 8. Mtoa mada utasema ratiba. Lakini Ghana si walicheza siku hizohizo?

Mtoa mada: Walicheza, sibishi. Ndiyo maana sisemi ratiba peke yake. Ratiba ileile inampiga zaidi asiye na pumzi za akiba, na hizo hazitafutwi kambini wiki mbili kabla ya mashindano. Ni mazoezi ya nguvu mwaka mzima, chakula cha maana, na mtaalamu wa tiba ya viungo anayekaa na timu. Hapo ndipo fedha ziende, siyo kwenye kukata milingoti.

Kocha wa Mtaa: Mwaka mzima? Wangu nusu yao jioni wako sokoni na mama zao. Mazoezi siku tatu kwa wiki, tunashukuru.

Kipa Mstaafu: Naona mnapigiana pasi wenyewe kwa wenyewe. Hilo goli langu la futi nane mnanijibu au hamnijibu?