Naomba ushauri: injini inavuja oili, mafundi hawakubaliani

Ndugu zangu, salaam. Kila asubuhi hapa Kisauni nakuta madoa ya oili chini ya gari, pale injini inapoungana na gia boksi, na nikisimama kwenye foleni nasikia harufu ya oili inayoungua. Fundi mmoja asema ni sili ya nyuma ya krenki, yaani mpira unaozuia oili isivuje mwishoni mwa shafti kuu ya injini, kazi inayolazimu kushusha gia boksi. Mwingine ashuku gasketi ya kifuniko cha juu, kwa kuwa oili huteremka na kupeperushwa nyuma na upepo. Naegemea wa pili, maana injini imelowa tangu juu, karibu na ekzosi. Je, niioshe kwanza, niendeshe kidogo, kisha nimulike kwa tochi, au kuna njia ya uhakika zaidi kabla ya kuingia gharama?