Naomba ushauri: fonti nyembamba ya sanserifu kwa maandishi marefu

Mpangakurasa:
Ndugu wanajamvi, ninasanifu tovuti ya makala ndefu, na mteja ameshikilia kwamba maandishi yote, hata ya aya zenyewe, yawe ya fonti nyembamba ya sanserifu (herufi zisizo na vijimkia kwenye ncha), unene wa 300 (wa kawaida ni 400), ukubwa wa pikseli 15, rangi ya kijivu juu ya nyeupe. Kipimo cha utofauti wa rangi kinatoa 4.6:1, yaani juu kidogo ya 4.5:1 inayotakiwa na WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika kwa watu wote, ilhali waliousoma ukurasa wa majaribio wanalalamika kuchoka macho. Nimweleze nini mteja?

Wino Mzito:
Kipimo hicho hulinganisha rangi ulizoziandika kwenye msimbo, si zile zinazofika machoni. Kwa ukubwa huo, mstari wa herufi nyembamba mara nyingi haujazi hata pikseli moja ya skrini ya kawaida, kwa hiyo kompyuta huchanganya rangi ya herufi na ya usuli, na kijivu chako huzidi kupauka. Skrini yenye pikseli nyingi hupunguza tatizo hilo, na nashuku ndiyo anayoitumia mteja wako. Hata Apple, mwaka 2013, ilianza majaribio ya iOS 7, mfumo wa simu zake, kwa fonti nyembamba ya Helvetica Neue Light, kisha ikarudi kwenye unene wa kawaida kabla ya toleo rasmi.

Herufi Ndogo:
Nakubali, ila tusiulaumu wembamba peke yake. Fonti ambayo herufi zake ndogo zina kimo kikubwa, na ambayo midomo ya a, c na e imeachwa wazi, husomeka kwa urahisi kuliko iliyobanwa, hata unene ukiwa sawa. Isitoshe, 300 ni jina tu la daraja. 300 ya msanifu mmoja yaweza kuwa nene kuliko ya mwingine.

Mpangakurasa:
Je, nikibaki na 300 na kuongeza nafasi kati ya herufi?

Wino Mzito:
Nafasi kidogo husaidia, lakini haiongezi wino. Mwachie mteja wembamba wake kwenye vichwa vikubwa, tuseme kuanzia pikseli 32, kisha aya ziwe za 400, pikseli 17 au 18, kwa kijivu kilichokolea. Akikataa, na fonti yenyewe ikiwa ya unene unaorekebishika, mjaribishie 350 bila kumtajia namba.

Herufi Ndogo:
Na kabla ya kuilipia fonti yoyote, andika I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 zikifuatana. Zikifanana, tafuta nyingine.