Majasusi wa kwenye muvi na raia wa kawaida, nani analipa meza iliyopinduliwa?

kiti_cha_nyuma:
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanikera siku nyingi kwenye hizi muvi za majasusi, leo nataka tukijadili. Hivi mnamwangaliaga yule raia wa kawaida anayekutana na steringi? Sisemei adui wala yule mrembo, nasemea muuza matunda, mhudumu wa hoteli, mtoto wa mtaani, yule anayeonekana sekunde chache halafu basi, hatumwoni tena.

Chukueni muvi ya jasusi James Bond ya mwaka 1974, The Man with the Golden Gun. Bond, anayeigizwa na Roger Moore, anakimbizwa na boti kwenye mifereji ya Bangkok, injini inamgomea, dogo mmoja anayeuza vinyago vya tembo anaparamia boti yake kutafuta mteja. Bond anamwambia nakupa baht 20,000 ukiifanya hii kitu ikimbie, dogo anagusa swichi moja tu boti inaondoka, na malipo yake ni kusukumwa majini. Na wewe mtazamaji unatakiwa ucheke. Mi sijawahi kucheka pale. Yule mtoto alikuwa kazini, kaambiwa bei, kafanya kazi, kadhulumiwa mchana kweupe.

Nenda Bond nyingine, Skyfall ya 2012, Istanbul nzima ni meza za watu zinapinduliwa. Kama umelelewa na mama anayeuza sokoni unajua ile meza ni ada ya shule na kodi ya nyumba, huwezi kuiangalia kama pambo. Sasa swali langu, kuna muvi ya kijasusi ambayo raia anachukuliwa kama binadamu kamili? Nitajieni na scene yenyewe.

babu_wa_reli:
Mkuu hapo kwa dogo wa Bangkok nakuunga mkono asilimia 100, ila usizitupe Bond zote. The Spy Who Loved Me ya 1977, gari la Bond linatoka baharini kule Sardinia linapanda ufukweni katikati ya watu wanaoota jua, na kuna jamaa mmoja na kinywaji chake anaiangalia chupa haamini macho yake. Yule jamaa wakamrudisha 1979 kwenye Moonraker na tena 1981 kwenye For Your Eyes Only, na wala hakuwa mwigizaji mkubwa, alikuwa mtu wa nyuma ya kamera. Pale raia ndo sisi, anashangaa kwa niaba yetu. Hajaibiwa wala hajaumizwa, na waandaaji walimpenda hadi wakamrudia.

binti_wa_Ng'ambo:
Kaka tafuta The Lives of Others, ya Ujerumani, 2006, ndo ile iliyochukua Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Stori iko Berlin Mashariki mwaka 1984, jasusi ni Wiesler wa Stasi, yaani polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, na kazi yake ni kumsikiliza mwandishi mmoja wa tamthilia usiku na mchana. Hamna gari linaloruka humo, kila kitu ni jasusi na majirani.

Kuna scene Wiesler na vijana wake wanaingia kwenye flati ya mwandishi kutega vinasa sauti, mama wa mlango wa jirani anawaona kupitia kile kitundu cha mlangoni. Wiesler anavuka anagonga, anamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, ukimwambia mtu neno moja binti yako kesho anapoteza nafasi yake chuo kikuu. Kisha anamgeukia kijana wake anaagiza huyu mama atumiwe zawadi kwa ushirikiano wake. Nilisimamisha muvi hapo aisee! Baadaye mwandishi, ambaye hajui lolote, anamwomba huyohuyo mama amfungie tai na anamuuliza unaweza kutunza siri, yule mama anatetemeka maana siri aliyonayo ni nyingine kabisa. Huyo ndo raia mwenye uzito unaouliza.

Halafu kuna mtoto na mpira wake kwenye lifti. Anamuuliza Wiesler eti ni kweli we ni wa Stasi, baba anasema ni watu wabaya wanawafunga watu. Wiesler kwa mazoea anaanza kuuliza jina la... anakatisha, mtoto anasubiri, jina la nani? Anamalizia, la mpira wako. Yani kwa jibu hilo familia nzima imepona na hawatakaa wajue. Kumbukeni Stasi ya kweli ilikuwa na watoa habari zaidi ya 170,000 miaka ile ya mwisho, kwa hiyo jirani kuwa na hofu haikuwa mapambo ya muvi.

njiapanda_nai:
Mimi nipo Nairobi na jibu langu ni Eye in the Sky, 2015. Stori imewekwa Eastleigh, mtaa wa hapa Nairobi, japo walipiga picha Afrika Kusini, na sisi wa huku tunaona tu hiyo si Eastleigh, lakini stori imeshika. Kombora liko tayari kushuka kwa nyumba ya magaidi, na kando ya ukuta kuna msichana mdogo, Alia, ameweka meza yake anauza mkate. Wakubwa wako London wanabishana sheria, rubani wa droni yuko Nevada. Anayetumwa kumwondoa ni jasusi wa hapa hapa, Jama Farah, anaambiwa nunua mikate yote ili mtoto aende nyumbani. Anafika, analipa, anatambuliwa, inabidi atoroke akiacha mikate. Na Alia anafanya vile mtoto wa biashara yeyote angefanya, anairudisha mezani aiuze tena.

Hiyo scene inaniuma kuliko kombora lenyewe. Kati ya watu wote wanaoamua maisha yake ni mmoja tu aliyesimama mbele yake akaongea naye, na ndiye asiye na sauti kwa uamuzi.

babu_wa_reli:
Ongezea Mission: Impossible – Fallout ya 2018, yule askari wa kike wa Paris anayewakuta jasusi Ethan na wenzake kwa bahati mbaya. Ethan anajaribu kumsihi aondoke, wahuni wanatokea wanampiga risasi, Ethan anawamaliza wote halafu anamwinamia kumwomba radhi kwa Kifaransa. Dakika chache tu ila operesheni nzima inasimama kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake hatulijui.

kiti_cha_nyuma:
Asanteni sana, hii ya Ujerumani naitafuta wikiendi hii. Mi nilikuwa nafikiria pia muvi za jasusi Bourne, ile ya kwanza 2002 anampa Marie, dada asiyemjua, dola 10,000 ampeleke Paris na kumi nyingine wakifika, angalau huyu analipa! Na ya pili, 2004, anaenda Moscow kumtafuta binti wa watu aliowaua, anamwambia ukweli kwamba mama yake hakumuua baba yake, anaomba msamaha anaondoka.

binti_wa_Ng'ambo:
Kweli kaka, ile scene ni nzuri mno. Ila kumbuka muda mfupi kabla ya hapo, Moscow hiyohiyo, kaiba teksi ya mtu akaisaga mpaka haitamaniki. Mwenye teksi hakuna aliyemrudia.