Nisaidieni maneno ya dhamira ya chuo chetu cha tiba, kiko kijijini Walungu

SEKRETARI_WA_MASOMO (Bukavu)

Jambo wandugu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi nakaa Bukavu, huku Kivu Kusini, Kongo, ila kazi yangu iko Walungu, katika chuo kidogo cha tiba. Tunafundisha uuguzi, ukunga na maabara. Wanafunzi wetu wengi ni watoto wa wakulima wa milima ile. Minervali yao, yaani karo, hutoka kwenye maharage, au kwa mbuzi aliyepelekwa soko la Mugogo. Miaka yote hii chuo kimekwenda bila andiko linalosema kwa nini kipo. Sasa komite ya uongozi inatayarisha faili ya wizara, na imeniagiza niandike dhamira ya chuo: kwa Kifaransa iingie kwenye faili, na kwa Kiswahili ipakwe rangi kwenye ukuta wa langoni.

Nimeandika hivi:

"Chuo chetu ni kituo cha ubora chenye dhamira ya kutoa wataalamu wa tiba wenye maadili, ubunifu na ushindani wa kimataifa, kwa ajili ya maendeleo endelevu ya jamii."

DG, mkurugenzi wetu mkuu, ameipenda. Hata mimi niliipenda, mpaka nilipomsomea mlinzi wetu wa langoni, mzee ambaye binti yake anasoma ukunga kwetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Papa, basi hapa mnafanya kazi gani?" Nilikosa la kumjibu. Tangu siku ile kila nikiisoma sentensi hiyo naisikia kwa masikio yake.

Ninaomba msaada kwa mambo matatu. La kwanza ni neno lenyewe. Nikiandika "misioni" ukutani, huku kwetu kila mtu ataona mapadri na masista. "Utume" nalo ni la kanisani. "Dhamira" wengi hawalisemi kabisa. La pili, je, tutaje kijiji waziwazi, au tutajifunga wenyewe? La tatu, kuna wajumbe wanaotaka tuahidi kwamba wahitimu wetu watabaki vijijini. Mimi naogopa kuahidi kwa kinywa cha mtu mwingine.

KALAMU_LUSHI (Lubumbashi)

Mkubwa, fanya jaribio hili. Toa "wataalamu wa tiba" uweke "wahasibu". Sentensi yako inasimama vilevile. Weka "mafundi umeme", bado inasimama. Hakuna mgonjwa ndani yake, hakuna mahali, hakuna hata ugonjwa mmoja.

Mimi ni mwalimu wa chuo huku Lushi, na tulipoandika ya kwetu nilisoma kidogo mambo haya. Mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani lilieleza wajibu wa vyuo vya udaktari kwa jamii: mafundisho, utafiti na huduma vielekezwe kwenye shida kubwa za afya za watu ambao chuo kimepewa jukumu la kuwahudumia. Na shida hizo chuo hakizichagui peke yake. Kinazitafuta pamoja na serikali, mashirika ya afya, wataalamu na wananchi wenyewe. Lilisemwa juu ya madaktari, lakini kwa wauguzi na wakunga lina uzito uleule.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, jibu kwanza: watu wenu ni akina nani? "Jamii" si jibu. Watu wa zoni gani ya afya, wa milima gani? Ukishawajua, nenda ukawaulize wanachougua na wanachokosa.

IT_WA_MWENGA

Nafanya kazi kama muuguzi mkuu wa kituo cha afya, yule tunayemwita IT. Naomba niseme kitu ambacho watu wa mjini husahau.

Huku kituo hakiongozwi na daktari, kinaongozwa na muuguzi. Daktari yuko kwenye hospitali kuu ya zoni, na kati yangu na yeye kuna barabara ambayo mvua ikinyesha hata pikipiki inagoma. Mtoto ananifikia ana degedege usiku, nina ordinogramu zangu ukutani (zile chati za hatua za matibabu), nina dawa zilizopo, na nina kichwa changu. Mimi ndiye ninayeamua: nimtibu hapa, au niwaite vijana wambebe kwa kipoyi, yaani machela, mpaka hospitali. Nikikosea mwelekeo, mtoto anafia njiani.

Hilo sikufundishwa. Chuoni nilifanya staji zangu zote, yaani mafunzo ya vitendo, katika hospitali kubwa ya mjini, ambako kila nilipotia shaka kulikuwa na daktari mlango wa pili. Mwezi wangu wa kwanza kijijini nililia. Andikeni kwamba mnamfundisha mtu kufanya kazi vizuri pale ambapo daktari yuko mbali. Neno hilo moja litawalazimisha kubadilisha staji, na hapo ndipo nitajua kwamba andiko lenu lina kazi.

Jambo la pili. Mnakumbuka Kamituga, hapa kwetu Mwenga. Mwaka 2023 aina mpya ya mpox (homa ya nyani) ilianzia kwenye mji ule wa wachimba dhahabu, haikuanzia Kinshasa, na Agosti 2024 dunia nzima ilikuwa imeshatangaziwa hali ya dharura. Ugonjwa mpya unaweza kubisha hodi kwanza kwenye kituo kama changu. Kwa hiyo wafundisheni watoto wenu kuona kitu ambacho hakiko kwenye daftari, na kukitolea taarifa siku ileile.

MZAZI_WA_KADUTU (Bukavu)

Mimi sikubaliani na hii habari ya "kijijini, kijijini". Mtoto wangu anasoma tiba. Nimeuza shamba la baba yangu ili asome. Mkiandika ukutani kwamba chuo ni cha kutoa wauguzi wa kijijini, akifika hospitali ya mjini kuomba kazi watamwambia diploma yako ni ya porini. Ninyi mnaoandika watoto wenu wako wapi? Maneno "ya kimataifa" hayamdhuru mtu. Mwachieni mtoto wa mkulima naye aote ndoto.

SEKRETARI_WA_MASOMO (Bukavu)

Mama (au papa, unisamehe kama nimekosea), nimelisoma neno lako mara tatu. Una haki. Sitaki mtu yeyote asome ule ukuta afikiri tunafundisha nusu. Programu yetu ni ileile ya taifa, ya mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), na diploma ni ileile. Nitatafuta namna ya kulisema hilo. Lakini "ushindani wa kimataifa" nitalitoa, kwa sababu hatuna hata kifaa kimoja cha kulithibitisha, na nisingependa mtoto wako adanganywe langoni.

IT_WA_MWENGA, hilo la staji limenichoma. Kwetu pia wanafunzi wanakimbilia mjini kwa staji, na sisi ndio tunaowapeleka.

DAKTARI_WA_ZONI (Goma)

Kwa Mzazi wa Kadutu kwanza, kwa heshima. Daktari Mukwege, kabla ya kuanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, kabla ya Nobel ya Amani ya 2018, alikuwa daktari wa hospitali ya Lemera, kule juu milimani Uvira. Alianza kwa kutibu watoto. Hali ya wajawazito waliokuwa wakimfikia pale ndiyo iliyomsukuma kwenda Ufaransa, mji wa Angers, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Lemera haikumpunguzia kitu. Ilimwonyesha kazi yake.

Sasa swali la tatu la sekretari, kwamba wahitimu watabaki. Usiliandike. Kuna nchi zimefaulu, ila tazama zilivyofanya. Japani ina chuo cha Jichi, tangu 1972: mwanafunzi anasomeshwa kwa fedha za jimbo lake, naye anarudi kulitumikia miaka 9. Ni mkataba, una fedha nyuma yake. Sisi mwanafunzi anajilipia minervali, akihitimu anaweza kukaa miaka bila mshahara wa serikali, anaishi kwa kile kidogo ambacho wagonjwa wanalipa. Utamfunga kwa kamba gani?

Kuna njia nyingine ambayo chuo kinaiweza. Huko Zamboanga, kusini mwa Ufilipino, walianzisha chuo cha udaktari mwaka 1994 kwa ajili ya eneo lao lenyewe, na wanafunzi wanakwenda kuishi na kujifunza ndani ya vijiji katika miaka yao ya masomo. Wengi wa wahitimu wamebaki kulekule. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2010 kuhusu wafanyakazi wa afya wa maeneo ya mbali, lilitia mkazo juu ya mambo hayo: chukua wanafunzi waliozaliwa vijijini, wafundishe karibu na vijiji, wapeleke staji vijijini. Mtu wa namna hiyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi.

Kwa hiyo ahidi yale yaliyo mikononi mwa chuo: nani anachaguliwa, anafundishwa wapi, na chuo kinamjibu nani. Atakapoishi mhitimu, mwachie yeye na serikali yake.

MKUNGA_MSTAAFU (Kabare)

Mwanangu sekretari, mimi nimezalisha tangu wakati wa Zaire, sasa magoti yamechoka. Nimefurahi kuona mnajali maneno.

Ninyi nyote mmesema juu ya ujuzi. Ujuzi ni lazima. Mkunga asiyejua kujaza partogramu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa uzazi, na kuisoma ni hatari. Lakini nikuulize, wanawake wa milimani wanaacha kuja kituoni kwa sababu gani? Mimi niliwauliza miaka mingi. Umbali wanautaja, fedha wanazitaja. Halafu wanasema kwa sauti ya chini: "kule wanatupigia kelele." Nimefanya kazi mahali ambapo mama aliyejifungua alizuiliwa kitandani wiki mbili kwa sababu ya deni, maziwa yanamkauka, na sisi wauguzi tunapita tukimwangalia. Aibu ile bado ninayo.

Tafuta mahali pa kuweka heshima. Usiandike "maadili", hilo limeandikwa mpaka kwenye vituo vya polisi. Andika kwamba mgonjwa anahudumiwa kwa heshima, mwenye fedha na asiye nazo. Halafu mwalimu anayewakemea wanafunzi mbele ya mgonjwa atajikuta anasomewa ukuta wake mwenyewe.

FUNDI_KISWAHILI (Bukavu)

Nijibu la neno, maana ndiyo kazi yangu. Kwa Kiswahili cha ofisini, hasa Tanzania, wanatofautisha "dira", yaani kule unakotazama, na "dhamira", yaani lile ulilokusudia kulifanya. Ni maneno mazuri, lakini mtu wa Walungu akiona "dhamira" anaweza kuisoma "dhamiri", na hapo tena tumerudi kwenye mahubiri. Kwenye faili ya wizara "mission" ya Kifaransa haina tatizo. Ukutani andika tu KAZI YETU. Mlinzi wako aliuliza mnafanya kazi gani, mjibu kwa neno lake.

Jambo jingine: andika Kiswahili kwanza, Kifaransa baadaye. Rasimu yako ilizaliwa Kifaransa ikavaa Kiswahili. Ndiyo maana ina majina matupu, "ubora, ubunifu, ushindani, maendeleo", na hakuna anayetenda. Anza na kitenzi: tunafundisha, tunachagua, tunarudi. Na mfanye pia ya Kimashi, kwa ajili ya bibi ambaye Kiswahili anakisikia sokoni tu.

Ukimaliza, msomee mtu mara moja, umwombe akurudishie kwa maneno yake. Pale anapokwama ndipo pa kurekebisha.

SEKRETARI_WA_MASOMO (Bukavu)

Wandugu, aksanti sana. Niliwasomea wenzangu majibu yenu yote kwenye kikao. Hatukukubaliana haraka, mjumbe mmoja aling'ang'ania "kituo cha ubora" karibu saa nzima. Lililomgeuza ni lile la Mwenga, kwa sababu mdogo wake naye ni IT. Hii ndiyo iliyobaki:

"KAZI YETU. Tunawafundisha vijana wa milima hii kuwa wauguzi, wakunga na watu wa maabara, kwa programu na diploma ileile ya taifa zima, ili waweze kumhudumia mgonjwa vizuri na kwa heshima hata pale daktari alipo mbali. Tunawachagua kwa kushauriana na wazee na kina mama wa maeneo ya afya. Tunawafundisha ndani ya vituo vya afya vya zoni yetu tangu mwaka wa kwanza. Kila mwaka tunasimama mbele ya wananchi kuwaeleza tulichofanya na tulichoshindwa."

Jumamosi nilikwenda nayo Mugogo. Nilimsomea mama muuza mihogo. Akanirudishia hivi: "Mnafundisha watoto wetu hapahapa, hawatatutukana, na mtakuja kutuambia." Ya ugonjwa mpya na taarifa hatukuiweka ukutani, imeingia kwenye mpango wa masomo wa mwaka wa pili. Bwaki (utapiamlo mkali), malaria na uzazi pia tumevitaja huko, kwa majina.

MZAZI_WA_KADUTU (Bukavu)

Ni papa. Hiyo ya "diploma ileile ya taifa zima" nimeiona. Aksanti.

MKUNGA_MSTAAFU (Kabare)

Nzuri, mwanangu. Neno moja tu. Umeandika "kwa heshima", halafu "mwenye fedha na asiye nazo" umeliacha. Najua kwa nini mliliacha, chuo hakina duka la dawa wala hakiweki bei. Lakini yule mama wa mihogo hakulitaja kwa sababu hukumsomea. Rudi Jumamosi ijayo, msomee likiwemo, umtazame usoni.

SEKRETARI_WA_MASOMO (Bukavu)

Nitarudi, mama. Mpiga rangi nimemwambia asianze mpaka Jumatatu.