Naombeni ushauri: nichukue fremu Kireka kwa sababu "njia ya tramu inakuja"?

MamaVitenge
Habari zenu wakubwa. Mimi nauza vitenge, kwetu Arua ila niko Kampala muda mrefu. Kibanda changu cha mjini kimekuwa kidogo, na wateja wangu wengi wanakaa upande wa mashariki: Banda, Kireka, Bweyogerere. Nimepata fremu Kireka inayotazama barabara kuu ya Jinja. Mlango mpana, mbele kuna nafasi ya kutundika mali.

Mwenye jengo anataka kilemba, yaani pesa ya kuingilia, cha milioni nane, kodi ya mwaka mzima mkononi, na mkataba wa miaka mitano. Nilipomwambia bei iko juu akanijibu: "Nnyabo, hapa inapita tramu, kwenye njia yake peke yake, haichanganyiki na magari. Kituo kitakuwa mlangoni kwako. Mwakani bei hii hutaiona." Akanionesha alama nyekundu kwenye ukuta wa jirani, eti wapimaji wameshapita.

Tangu nifike Kampala nimesikia mabasi ya njia maalumu, treni za mjini, hata vigari vya kwenye waya. Bado napanda taksi ya watu kumi na wanne na kukwama Nakawa. Lakini pia naogopa kukataa halafu nije kumwona mwingine akineemeka pale. Waliowahi kufanya biashara kando ya ujenzi wa namna hii, mlipona vipi? Na nitajuaje kama huyu mzee anasema kweli?

BodaWaBanda
Dada, rangi nyekundu inauzwa kila hadwea. Hata mwenye jengo anaweza kununua kopo.

Kipimo
Nafanya kazi ya upimaji ardhi, ngoja nichangie kidogo.

Alama ukutani haisemi imewekwa na nani. Ukanda huo una miradi mingi inayogusana: barabara ya kulipia ya Kampala–Jinja ambayo imezungumzwa miaka nenda miaka rudi, ukarabati wa reli ya zamani, mabomba ya maji, nguzo za umeme. Kila mmoja ana vijana wake wenye vizibao na mashine ya miguu mitatu. Mwenye jengo anaona vijana, anatangaza tramu.

Sasa historia fupi. Utafiti wa awali wa mabasi ya njia maalumu Kampala ulitoka 2010 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, na usanifu wa awali ukafuata 2014. Makaratasi yapo na michoro yake inapendeza. Leni hujaiona. Kilichotembea kweli ni treni ya abiria ya Kampala–Namanve juu ya reli ileile ya mkoloni, nayo inapita hapo hapo Kireka. Ilianza Desemba 2015, ikasimama 2017 mkataba wa RVR, kampuni iliyokuwa imekodishwa reli, ulipovunjwa, ikarudi Februari 2018 chini ya Shirika la Reli, ikasimama tena 2023 kupisha ukarabati, ikarudi 2024. Hiyo ni njia ambayo reli ilikuwa tayari chini! Sembuse njia mpya katikati ya lami.

Tangazo la waziri lisikutie presha, na hata sherehe ya jiwe la msingi isikutie presha. Angalia mambo ambayo hayafanyiki bila pesa. Bunge limeidhinisha mkopo? Waathirika wamehesabiwa nyumba kwa nyumba? Mabomba ya maji na nyaya zimeanza kuhamishwa? Ukiona NWSC, shirika la maji la taifa, wanachimba kuhamisha bomba kubwa kwa ajili ya mradi, hapo kaa macho. Kabla ya hapo ni maneno.

Halafu jambo ambalo watu wa mjini husahau: Kireka haiko chini ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala. Iko Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso. Ukienda kuuliza City Hall utazungushwa bure. Nenda ofisi ya mipango miji ya Kira, ukatoe namba ya kiwanja, uulize kuna hifadhi ya barabara kiasi gani mbele ya jengo hilo. Barabara yenyewe ni ya taifa, kwa hiyo swali la pili ulipeleke Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, maana UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ilishavunjwa na kazi zake zikarudi huko.

Mmagomeni
Dada, mimi niko Dar. Nilikuwa na duka la vipuri Magomeni, Morogoro Road, wakati mwendokasi, mabasi yetu ya njia maalumu, awamu ya kwanza inajengwa. Nikueleze ilivyo kwa mtu wa duka, siyo kwa mtu wa gazetini.

Ujenzi ulianza 2012, mabasi yakaanza kubeba watu Mei 2016. Kilomita 21 tu, Kimara mpaka Kivukoni na matawi yake. Na huo mpango ulikuwa umezungumzwa tangu miaka ya mwanzo ya 2000, wakala wa mabasi hayo, DART, wenyewe upo tangu 2007. Katika miaka ya ujenzi mbele ya duka palikuwa na shimo, kisha vumbi, kisha shimo jingine palepale walipofukia. Mteja wa gari hakuwa na pa kuegesha. Mteja wa miguu alipita kwenye ubao. Wenye mtaji mwembamba walifunga. Aliyebaki ni yule aliyekuwa na stoo nyuma na wateja wa simu.

Mradi ulipokamilika, biashara ilirudi lakini haikurudi sehemu zilezile. Hili ndilo nataka ulishike. Daladala ziliondolewa barabara kuu, na watu wakawa wanashuka kituoni tu. Duka lililo karibu na kivuko cha kituo likapata watu kuliko zamani. Duka lililo katikati ya vituo viwili likawa kama limehamishiwa kijijini, ingawa basi linapita mbele yake mchana kutwa. Njia maalumu inakaa katikati ya barabara, mteja wa ng'ambo haruki tena, anazunguka mpaka kwenye taa. Na ile sehemu ya kuegesha mbele ya mlango, sahau.

Kwa hiyo huyo mzee akisema kituo kitakuwa mlangoni kwako, muulize mchoro. Vituo huhamishwa kwenye michoro mpaka dakika ya mwisho.

Na usidhani njia ikishajengwa basi kazi imekwisha. Mbagala, awamu ya pili, ujenzi ulianza 2019. Zege likakauka, vituo vikasimama, mabasi hakuna. Huduma imekuja kuanza Oktoba 2025. Muda wote huo wenye maduka wanaangalia njia nyeupe tupu.

DerevaMalaba
Thika Road Nairobi walipaka mstari mwekundu 2018, wakasema leni ni ya BRT, mabasi ya njia maalumu. Matatu zinaukanyaga mpaka wa leo. Sisi wa malori tunasalimia tu.

Addis_to_Kla
Mnazungumza mabasi, dada kauliza tramu. Nimeishi Addis Ababa, nimeipanda kila siku. Ile ndiyo tramu ya kweli iliyo karibu nasi: njia yake imezungushiwa uzio, umeme juu, mistari miwili yenye zaidi ya kilomita 30 kwa pamoja. Wachina waliijenga kwa miaka kama mitatu na ilifunguliwa Septemba 2015. Gharama dola milioni 475, sehemu kubwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Kwa kasi ya ujenzi huwezi kuwalaumu.

Tatizo likaja baadaye. Ilianza na treni 41, na kadiri miaka ilivyokwenda nyingi zikalala karakana kwa kukosa vipuri. Foleni vituoni, watu wakarudi kwenye mabasi madogo. Na ule uzio uliikata mitaa vipande viwili, kama alivyosema Mmagomeni. Mwanamke aliyekuwa ananiuzia kahawa alikuwa anaona wateja wake wa zamani ng'ambo ya reli, wanampungia mkono tu.

MswahiliWaLeith
Mkifikiri haya ni ya Afrika peke yake, njooni Edinburgh, Uskoti, ninakofanya kazi. Tramu ya hapa ilianza kujengwa 2008, ikaahidiwa 2011, ikapakia abiria Mei 2014, na ikiwa fupi kuliko iliyoahidiwa. Gharama pauni milioni 776. Walipofukua barabara walikuta mabomba na nyaya ambazo hazikuwa kwenye ramani, halafu jiji na mkandarasi wakagombana, kazi ikasimama. Uchunguzi wa kujua nani alikosea uliundwa mwaka uleule wa 2014, ripoti ikatoka 2023. Uchunguzi wa ucheleweshaji nao ulichelewa.

Ila cha kumfaa dada ni mtaa wa Leith Walk. Wenye maduka pale walichimbuliwa barabara ili kuhamisha mabomba, wakavumilia kwa matumaini ya tramu. Pesa zikaisha, kipande chao kikafutwa. Mwaka 2019 wakachimbuliwa upya, na tramu ikafika Juni 2023. Shida wamezibeba mara mbili kwa tramu moja.

WakiliNdeeba
Nashukuru waliotangulia. Nazungumzia mkataba tu.

MamaVitenge, wewe ni mpangaji. Katiba yetu, ibara ya 26, inataka mwenye mali alipwe fidia ya haki kabla mali haijachukuliwa, na Mahakama ya Juu ililikazia hilo mwaka 2015 katika kesi ya UNRA dhidi ya Irumba na Magelah. Hiyo ni sababu mojawapo ya miradi kuchelewa hapa, na binafsi siioni kama kasoro. Lakini fidia ya ardhi na jengo inakwenda kwa mwenye hati na mwenye kibanja, yaani anayemiliki kwa kukalia ardhi bila hati. Wewe na kilemba chako hamumo humo.

Miradi inayokopeshwa na Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika huhesabu na wapangaji wenye biashara. Lakini inaweka tarehe ya ukomo. Aliyeingia baada ya tarehe hiyo hahesabiwi. Kwa hiyo kama alama ile nyekundu ni ya kweli, habari ni mbaya zaidi kwako kuliko ikiwa ya uongo: utakuwa umelipa kilemba kwa mtu ambaye ameshahesabiwa, wewe hujahesabiwa.

Mkataba uandikwe. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 imeweka kikomo cha kupandisha kodi, asilimia kumi kwa mwaka, hivyo hofu ya "mwakani hutaiona bei hii" haina uzito kwa mtu aliye ndani na mkataba mkononi. Omba vipengele hivi: mwenye jengo atamke kwa maandishi kama amepokea notisi yoyote ya kuchukuliwa ardhi; njia ya kuingia dukani ikizibwa na ujenzi, kodi ipungue; jengo likibomolewa, kodi iliyobaki na sehemu ya kilemba irudishwe; na wewe uwe na haki ya kutoka mapema kwa notisi. Akikataa kutia saini kile cha kwanza, umeshapata jibu la swali lako.

Kikuubo4Life
Mnamtisha mama wa watu. Flyover ya Clock Tower ilianza 2019, watu walilia vumbi na foleni, waliovumilia wako palepale wanauza. Kireka ni Kireka, tramu ije isije. Soko lipo, wanafunzi wa Kyambogo wako jirani, taksi za Mukono zinapita. Mimi ningechukua.

Mmagomeni
@Kikuubo4Life hapo hatupingani. Achukue kwa bei ya Kireka ya leo. Asichukue kwa bei ya kituo ambacho hakipo. Dada, kaa pale siku ya kazi asubuhi na jioni, hesabu wanaopita kwa miguu upande wako, linganisha na fremu za mtaa wa ndani. Kama tofauti ya watu hailingani na tofauti ya kodi, hiyo ya ziada unalipia tramu.

MamaVitenge
Asanteni sana, Mungu awabariki. Leo nimerudi kwa mzee. Nimemwomba mkataba wa mwaka mmoja wenye haki ya kuongeza, kodi ya miezi mitatu mitatu, na kile kipengele cha notisi. Kodi ya miezi mitatu amekubali, tena haraka, mpaka nikashangaa. Kilemba ameshusha mpaka milioni tano. Kipengele cha notisi amesema "hayo mambo ya mawakili ya nini kati yetu," akabadilisha mazungumzo.

Halafu jirani mwenye ukuta wenye alama, anauza magodoro, nikamuuliza pembeni. Anasema waliopaka walimwandikisha jina na kumpa karatasi, lakini walisema ni mambo ya maji.

Kipimo
Hiyo karatasi ndiyo ya kufuata. Muombe uipige picha: itakuwa na jina la mradi na tarehe. Kama ni ya bomba la maji, uliza kipenyo na upande litakapopita. Bomba kubwa likipita mbele ya fremu yako, utakuwa na mtaro mlangoni, na hakuna tramu itakayokuja kukufariji.

WakiliNdeeba
Na milioni tano usitoe mpaka tuione karatasi. Ukishaipata, nitumie pamoja na rasimu ya mkataba kwenye ujumbe wa faragha, majina yafute.

MamaVitenge
Jirani anafungua saa mbili asubuhi. Nitakuwa pale kabla mzee hajafika, kisha napitia Kira.